Mkono wa Kapita

Habari hii nilipewa na Gracia mwenyewe, msimu uliopita wa mbinzo, wale viwavi wa kuliwa, siku ya Jumamosi, tumekaa jikoni kwangu hapa Lubunga tunachambua majani ya pondu, kisamvu cha kutwanga. Mvua ilitufungia ndani, naye akaanza kusema, akasema mpaka majani yakaisha. Mengine nilikuwa nimekwisha kuyasikia kwa Mama Kasoki, maana Mama Kasoki hana habari inayolala kwake siku mbili.

Gracia alikuwa mchaguaji wa kahawa. Ng'ambo ya mto, upande wa mjini, si mbali na bandari, kuna depo moja ya Papa Ignace. Kahawa ya Bengamisa na ya vijiji vya njia ile inafika pale ndani ya magunia, imekwisha kukobolewa. Wanawake kumi na wanne wanakaa kwenye meza moja ndefu, kila mmoja na lungo lake mbele, wanatoa punje nyeusi, za kuvunjika, zenye matundu ya wadudu, na mawe. Vumbi linawakaa kwenye nywele mpaka wote wanaonekana wazee. Kazi hiyo ya lungo ni ya wanawake. Kupima, kushona magunia, kushika ufunguo, hiyo ni ya wanaume. Walipoingia waliikuta hivyo, wakakaa nayo hivyo.

Saa kumi na moja jioni kulikuwa na foleni. Kapita wa depo, msimamizi wao Hilaire, mwanamume mrefu mwenye ufunguo shingoni kama msalaba, alisimama mlangoni. Kila mwanamke aliinua mikono, naye akampapasa: mabega, makwapa, kifua, kiuno, tumbo, mpaka magoti. Ati kahawa isiibiwe. Miaka ya nyuma alikuwa amemkamata mwanamke mmoja aliyejifunga mfuko wa kahawa tumboni, na tangu siku ile mkono wake ulipofika kwenye tumbo ulikawia. Wabebaji wa magunia, ambao ni wanaume, walitoka kwa mlango wa nyuma, shati begani, wanapiga mluzi. Hao hakuna aliyewagusa.

Basi, Gracia alikuwa na mimba ya miezi sita.

Pale depo mimba ilikuwa kosa. Hilaire alikuwa na sheria yake: mwenye mimba analeta wadudu ndani ya kahawa. Nani alimfundisha, sijui. Lakini mwanamke akionekana tumbo, Hilaire hakupoteza maneno. Alikwenda mezani, akachukua lungo la yule mwanamke, akalipindua uso chini mbele ya wenzake. Basi. Aliyepinduliwa lungo alifunga kitambaa chake kichwani akaenda, na kesho yake mwingine alikaa mahali pake.

Wa mwisho alikuwa Ramla, Mwislamu, wazazi wake watu wa Maniema. Hakuna aliyekuwa na vidole vyepesi kama vyake. Sasa Ramla aliuza kwanga, mikate ya muhogo, bandarini, mtoto mgongoni, na kila asubuhi Gracia alipita mbele yake na macho chini. Si kwa kumdharau. Alikuwa anaogopa, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye ugonjwa.

Mume wake Gracia, Osée, alifanya kazi kwenye boti la mbao linalokwenda Basoko. Alikuwa ameondoka akasema wiki tatu. Ulikuwa mwezi wa tatu sasa na simu yake haipiti. Kwa hiyo lile lungo lilikuwa ndilo chungu cha Gracia. Likipinduliwa, na chungu kimepinduka.

Akafunga tumbo. Alikata kipande cha pagne, kitenge chake, upana wa viganja viwili, na kila alfajiri kabla ya kuvuka mto Mama Kasoki alimzungusha nacho mara nne, akavuta, akafunga fundo mgongoni. Mama Kasoki ni jirani yake, mjane mnene aliyekuja zamani na mume mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo. Naye alichagua kahawa depo ile ile, na ndiye peke yake aliyejua.

Jioni, kwenye foleni, Mama Kasoki alisimama mbele ya Gracia, na zamu yake ikifika alianza kelele.

"Eh, Kapita! Mikono yako iko baridi leo. Bibi yako amekufukuza kwa kitanda?"

Wanawake walicheka. Hilaire alikunja uso. "Pita, mama, pita. Hii kinywa yako itakuua siku moja."

"Haijaniua mpaka nimeota mvi. Itangoja we njo uizike?"

Na kwa hasira ya kuchekwa, Hilaire alimsukuma anayefuata apite upesi, akimgusa kwa juu juu. Anayefuata alikuwa Gracia. Kila jioni hivyo. Na kila jioni Gracia alifika kwenye mtumbwi, akashika ukingo kwa mikono miwili, hajui kama anachoogopa ni maji au ni kesho.

Siku moja, Jumatatu, Hilaire alimwita nyuma ya magunia.

Gracia alifikiri yamekwisha. Kule nyuma kulikuwa na giza kidogo na harufu ya kahawa mbichi, na Hilaire alikuwa ameegemea ukuta, karatasi mkononi.

"We Gracia. We iko mutu wa kunyamaza. Minapendaka mutu wa kunyamaza."

Gracia akanyamaza.

"Mercredi, kesho kutwa, Madame moja anakuya. Ametumwa na wale banaonunuaka kahawa yetu. Anataka asikie kwa kinywa ya mwanamuke kama hapa banawake banafanyiwa vizuri. Donc, we njo utasema."

"Miye, Kapita? Mama Kasoki anajuaka kusema kunipita..."

"Kasoki!" Hilaire alicheka, meno hayakuonekana. "Kasoki, siku ile, nitamufungia kwa choo. Soma hapa."

Gracia alisoma polepole. Karatasi ilisema kwamba katika depo yetu mwanamke na mwanamume wako sawa, hakuna anayeonewa, na hakuna anayefukuzwa kwa sababu ya hali yake.

"Tena. Bila kuangalia."

Alisema tena. Ulimi ulimkauka kwenye lile neno hali.

"Bon. Ukisema vile Mercredi, nitakuweka mukubwa wa meza. Ukikosea..." Akamrudisha mpaka mezani, akashika lungo lake kwa ukingo, akalisimamisha. Hakulipindua. Alilishika tu pale, limeinama kidogo, punje chache zikamwagika. Kisha akaliweka chini taratibu na macho yake yakashuka kwenye kiuno cha Gracia. "Siku hizi unanona. Unakulaka nini?"

"Fufu, Kapita."

"Fufu," akasema Hilaire, kama anayelionja lile neno.

Jumanne mtoto hakucheza.

Mwanzoni Gracia hakutambua, kwa sababu ya kurudia yale maneno kichwani. Ilikuwa saa sita, wanakula, alipojiuliza: tangu jana jioni, amenipiga? Akatulia. Akangoja. Akanywa maji baridi, akajikandamiza kwa kidole juu ya kitambaa. Hakuna. Mchana wote vidole vilichagua kahawa na masikio yake yote yalikuwa ndani ya tumbo. Jioni alipita mlangoni na hata hakusikia mkono wa Hilaire, wala kelele za Mama Kasoki.

Walipofika nyumbani alimwambia.

Mama Kasoki hakutania. Alifungua kile kitambaa, akaweka sikio lake pale, akakaa hivyo kwa muda, pumzi imezuiwa. Ngozi ya Gracia ilikuwa na mistari minne myekundu kama mtu aliyefungwa kamba.

"Analala," akasema. "Wanalalaka."

"Siku mzima, mama?"

"Tuache hii kitambaa, mutoto wangu. Kesho usiifunge."

"Kesho ni Madame. Nitasimama mbele ya watu wote." Gracia alishika mkono wa Mama Kasoki. "Kesho tu. Ikipita kesho, atanipa meza, ataniacha. Kesho tu, mama, halafu tutaifungua."

Mama Kasoki alikiokota kile kitambaa, akakikunja, akakiweka kando ya kitanda.

Asubuhi ya Mercredi alimfunga. Lakini mikono yake haikukubali kuvuta. Alizungusha mara tatu badala ya nne, akakiacha kilegee, na fundo hakuliweka mgongoni. Aliliweka ubavuni, chini ya mkono, ili Gracia akizidiwa aweze kulifungua mwenyewe upesi. Alifanya kwa huruma. Hakujua anafanya nini.

Bandarini, Ramla alikuwa amepanga kwanga zake. Gracia alipita na macho chini kama siku zote.

"Gracia."

Alisimama. Miezi yote ile Ramla hakuwa amemwita hata siku moja.

"Yangu nilikuwa nafunga na kitambaa ya kijani," akasema Ramla kwa sauti ya chini, mkono wake ukimpigapiga mtoto mgongoni. "Unavimba miguu? Usifunge mingi."

Gracia aliondoka karibu kukimbia. Kama Ramla ameona, nani hajaona? Alivuta bluzi chini, akavuta tena, na jasho lilimtoka hata jua halijapanda.

Depo ilikuwa imefagiliwa. Kila mwanamke alipewa aproni mpya ya bluu. Papa Ignace mwenyewe, Patron wao, ambaye huwa anakaa ofisini mbele na kurudi nyumbani kabla ya saa za foleni, alikuwa anazunguka meza na sahani nyeupe mkononi. Alitia mkono katika lungo moja, la pili, la tatu. Kwenye la Gracia akatulia.

"Hii! Angalia hii. Hata moja nyeusi. Hii njo Madame ataona." Akajaza sahani, akaiweka katikati ya meza. Gracia akasema merci, Patron, na Hilaire, nyuma ya Patron, akamtikisia kichwa kama kusema: unaona?

Madame Clémence alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, nywele zimekatwa kama za mwanafunzi. Walimwekea kiti kizuri. Aliketi kwenye benchi pamoja na wachaguaji, akaomba lungo, akaanza kuchagua. Alikuwa mzito kama mtu anayesoma barua ya deni.

"Madame, ile unaacha ni jiwe," Mama Kasoki akasema. Hakuna aliyemfungia chooni.

"Hili?"

"Hilo njo punje nzuri, tena unaitupa! Kapita, andika: huyu hatufai."

Watu walicheka, Madame akacheka, na Gracia akajaribu kucheka. Ndani, bado kimya. Alikuwa anamwita kwa moyo, polepole, kama anayeita mtu aliyelala kwenye chumba cha pili: cheza, cheza basi, mara moja tu.

Wakamsimamisha. Alisema yale maneno yote, bila kuruka hata moja, akiangalia ukuta. Sauti yake aliisikia kama ya redio ya jirani. Aliposema hakuna anayefukuzwa kwa sababu ya hali yake, mwanamke mmoja mwisho wa meza alikohoa, akainamia lungo lake.

"Aksanti, Gracia," akasema Madame. "Umesema vizuri. Ni nani alikufundisha?"

Ufunguo shingoni mwa Hilaire ulipiga kifungo cha shati lake, ti.

"Ni miye tu, Madame."

Madame hakusisitiza. Alimgeukia Papa Ignace. "Mimi sina haraka. Nitakaa nanyi mpaka saa ya kutoka, nione siku yote."

"Karibu kabisa!" Patron akasema, na kweli alifurahi. Lakini Gracia alimwona Hilaire akilamba midomo.

Saa kumi na moja ikafika. Foleni ikajipanga, Mama Kasoki mbele ya Gracia. Hilaire alisimama mlangoni mahali pake, na Patron na Madame kando yake. Na siku ile mkono wa kapita ulikuwa mkono mwingine. Vidole viwili tu juu ya bega, hivi, na kupita. Vidole viwili, na kupita. Gracia aliona, na pumzi ambayo alikuwa ameibana tangu asubuhi ikaanza kushuka. Yamepita, alijiambia. Nifike nyumbani, tufungue.

"Eh, Kapita!" Mama Kasoki akasema. "Leo umekuwa padri? Umetubatiza wote!"

Akapita. Zamu ya Gracia. Kwa mazoea, kwa mazoea tu, Gracia akainua mikono juu.

Fundo lilikuwa ubavuni. Alipoinua mikono, kitambaa kilicholegea kilipanda, kikajikusanya, na upande wa kushoto, chini ya aproni, kikatokea kitu cha duara, kimebinuka kama mfuko.

Macho ya Hilaire yalikwenda pale yakaganda. Gracia aliyaona yanafunguka. Mtu huyu alikuwa na hofu mchana kutwa mbele ya mgeni, na sasa Mungu amemletea mwizi, tena mbele ya Patron.

"Patron! Kuya uone! Mwizi!" Akamshika mkono. "Amefunga kahawa kwa tumbo!"

"Kapita, nakuomba..."

"Fungua! Madame aone vile tunachungaka mali yake. Fungua!"

"Gracia?" akasema Papa Ignace. "We pia?"

Hilo lilimuuma kuliko mkono. Alitaka kusema, lakini kila neno lilikuwa na shimo chini yake. Akisema si kahawa, watauliza ni nini. Akinyamaza, ni mwizi, na polisi wako karibu na bandari. Na chini ya hofu hizo mbili kulikuwa na ya tatu iliyozizidi: kwamba kitambaa kikifunguka mbele ya watu, wataona tumbo lenye mtoto asiyecheza.

Hilaire hakungoja. Aliingiza mkono chini ya aproni, akapata fundo, akavuta. Kitambaa kikazunguka, kikazunguka, kikaanguka sakafuni. Na watu wote wakaangalia chini, wote, Patron, Madame, wabebaji waliokuwa wamejaa kwenye mlango wa nyuma, wakingoja kahawa imwagike.

Haikumwagika hata punje.

Ndipo macho yakapanda. Tumbo la Gracia lilikuwa limetoka mbele, wazi kabisa, kama kitu kilichokuwa kimezuiwa kupumua.

Na kama Hilaire angenyamaza hapo, labda angepona. Lakini aibu ilimsukuma.

"Ah! Donc ni mimba! Miezi hii yote unatuingizia wadudu kwa kahawa!" Akaenda mezani kwa hatua tatu, akakamata lungo la Gracia, akalipindua uso chini, pa!

Wanawake wote walishtuka kwa pamoja. Papa Ignace alibaki anaangalia lungo na kumwangalia kapita wake, haelewi.

"Hiyo ni kusema nini?" Madame Clémence aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Ni... sijui," akasema Patron. "Hilaire, unafanya nini?"

Gracia aliangalia mgongo wa lile lungo, nyuzi alizoshona mwenyewe lilipopasuka. Hofu haikumwondoka, aliniambia hivyo mara mbili; watu wanasema mtu akifika mwisho hofu inakwisha, yeye haikumwisha. Ila hakubaki na kitu cha kuficha.

"Ni kusema nimefukuzwa, Madame," akasema. "Hapa ukionekana na mimba wanapindua lungo. Ramla alipinduliwa hivi. Yale nilisema asubui, Kapita alinipa kwa karatasi."

"Anasema uongo!"

"Na kila jioni anatupapasa. Leo tu njo alitumia vidole mbili."

"Mimba inaleta wadudu! Kila mutu anajua!" Hilaire akapaza sauti.

Gracia alinyoosha kidole kwenye sahani nyeupe. "Ile kahawa ya sahani, Patron, umeitoa kwa lungo gani?"

Papa Ignace aliiangalia sahani. "Kwa yako."

"Nilichagua na hii mimba. Tangu ya mwezi moja mpaka leo. Tafuteni mdudu."

Madame alichukua sahani akaimwaga mezani. Akaitandaza kwa kiganja. Wanawake walikuja wakazunguka, vichwa pamoja, na vidole kumi na vitatu vya watu wanaojua kazi vikapita juu ya zile punje moja moja. Hata tundu. Hata moja nyeusi.

"Kapita, kuya, labda we utamuona," akasema Mama Kasoki. "Azima miwani ya Madame."

Mbebaji mmoja kwenye mlango wa nyuma alicheka. Madame akageuka.

"Na hao? Hao wanapekuliwa na nani?"

Yule mbebaji akaacha kucheka. Papa Ignace akakaa juu ya gunia kama mtu aliyeambiwa kuna kifo nyumbani. Alijifuta uso.

"Bon," akasema. "Kuanzia kesho, Mama Kasoki atasimama kwa mulango ya banawake. Mwanamuke kwa mwanamuke."

"Hapana, Patron."

"Hapana nini tena?"

"Miye nishike wenzangu matumbo? Mulango moja kwa wote, na mukono kwa hakuna mutu. Si iko kilo ya kupimia hapa? Pima magunia asubui, pima jioni. Kahawa ikipunguka, itakuambia yenyewe."

Wanawake wakasema eeh, eeh, kwa pamoja. Patron alimwangalia Madame, Madame aliangalia karatasi yake, anaandika.

"Tutajaribu vile," Patron akasema mwishoni. "Gracia, kesho ukuye. Mpaka siku ya kuzaa, na kisha kuzaa, ile mahali ni yako."

Gracia alikwenda mezani, akashika lungo lake kwa mikono miwili, akaligeuza uso juu.

"Na ya Ramla, Patron?"

Papa Ignace akajifuta uso tena. Lakini Madame aliuliza: "Ramla nani?" na akaandika jina lote.

Walipotoka, Hilaire alikuwa bado amesimama mlangoni, ufunguo bado shingoni. Hakuna aliyekuwa amemvua. Gracia alipompita, Hilaire aliinama kidogo.

"Madame atapanda ndege Samedi, bado siku tatu," akasema polepole. "Miye nalalaka Lubunga. Kama we."

Ndani ya mtumbwi Mama Kasoki alimshika bega njia yote. "Amecheza?"

"Bado."

"Na kile kitambaa?"

"Nimekiacha pale chini."

Jua lilikuwa bado juu ya mabati walipofika nyumbani kwa Gracia. Mama Kasoki alimpa chai ya moto yenye sukari nyingi, kwa sababu sukari inaamsha watoto, akamlaza ubavu wa kushoto. Kisha akavuta kigoda, akakiegemeza mlangoni, akakaa juu yake na uzito wake wote, mchi wa kutwangia pondu juu ya mapaja.

"Akuye sasa huyo Hilaire. Nitamutwanga na chumvi. Lala, mutoto wangu, miye nachunga."

Hakumaliza hata nusu saa. Kichwa kilimwangukia kifuani, na mkoromo ukaanza, mzito kama mota ya boti. Mlinzi akalala, mlindwa akabaki macho.

Gracia alihesabu hatua za watu njiani. Huyu amepita. Huyu amepita, ana baiskeli. Tumbo lake, bila kitambaa, lilikuwa linauma kama mguu uliolaliwa. Akaweka viganja pale. Kimya. Alianza kumwomba msamaha, si kwa maneno makubwa, alisema tu samahani, samahani papa, samahani mama, maana hakujua ni wa kiume au wa kike.

Hatua zikaja, zikasimama mbele ya mlango.

Gracia alinyoosha mkono kumgusa Mama Kasoki, haukumfikia. Kitu kiligusa dirisha. Mkono ukaingia chini ya pazia.

"Ni miye, Ramla. Usiogope. Wanasema kwa bandari umenitaja mbele ya Patron."

Kwanga mbili zikawekwa juu ya ukingo wa dirisha, bado zina joto.

"Umefungua?" Ramla akauliza.

"Nimefungua."

"Wangu naye alinuna. Siku moja na nusu alininunia. Ngoja tu, usimusumbue."

Hatua zikaenda. Mama Kasoki alikoroma, akajigeuza, mchi ukaanguka kwenye udongo, pu, na hakuamka. Gracia alishtuka mwili mzima. Na pale pale, chini ya mbavu, upande wa kulia, kitu kikamsukuma. Kidogo. Kisha tena, kwa nguvu, kama mtu aliyebanwa kwenye benchi anayemwambia jirani yake asogee.

Hakupiga kelele, wala hakumwamsha mtu. Alilia kidogo, akasogea kumpa nafasi. Alitaka kungoja mara ya tatu ili awe na hakika, akakaza macho yake juu ya mlango, kwa sababu ya Hilaire. Nje kulikuwa bado na mwanga na watoto wa jirani walikuwa wanaitwa kuoga. Ya tatu ilipokuja, Gracia alikuwa amelala.